Kasisi, padre na mchungaji: maneno ya kanisani tumeyatoa wapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni katekista katika kigango kimoja nje kidogo ya Morogoro, nafundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza na vijana wa Kipaimara. Majuzi kijana mmoja alisimama darasani akasema jirani yao amemwambia kwamba maneno yote ya kanisani tumeyaazima msikitini: kanisa, sala, imani, roho, hata sadaka. Nilikosa la kumjibu. Wenzake nao wakaongeza. Kwa nini sisi tunasema padre, wengine kasisi, na Walutheri mchungaji? Ni kazi tatu au moja? Na kama Yesu alifufuka siku ya kwanza ya juma, mbona tunasali Jumapili na si Jumamosi? Naomba unisaidie, na kama yapo maneno ambayo tungepaswa kuyaacha, uniambie.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza mpongeze huyo kijana. Nimefundisha lugha za Biblia miaka mingi na bado nafurahi mtu akisimama kuuliza neno limetoka wapi, kwa sababu wengi wetu tunayatamka tangu utotoni bila kuyafungua tuone kilichomo.

Jirani yao amesema jambo lenye ukweli ndani yake, nawe usilikatae lote. Ni kweli kabisa kwamba kanisa, sala, imani, roho na sadaka yametufikia kwa Kiarabu. Ongeza hapo injili, msalaba, askofu, shemasi, kasisi, malaika, nabii, dhambi, toba, neema, ibada, madhabahu na zaburi. Mkristo msema Kiswahili akinyang'anywa maneno ya Kiarabu hafiki mwisho wa Baba Yetu: “duniani” ni Kiarabu, “utusamehe” ni Kiarabu. Na “Salamu Maria, umejaa neema” haianzi kabisa.

Alipokosea ni pale aliposema “msikitini”. Kiarabu kilikuwa na Wakristo wake kabla Mtume Muhammad hajazaliwa. Huko Najran, kusini mwa Arabia, palikuwa na Wakristo wengi. Na kabila la Ghassan, pande za Shamu, yaani Siria na jirani zake, lilikuwa la Kikristo. Watu hao walikuwa na maaskofu wao, nyumba zao za ibada na maneno yao ya kuyataja hayo yote. Kurani yenyewe, katika sura ya tano aya ya 82, inawataja makasisi wa Wakristo kwa neno hilohilo, qissisin, maana ndilo lililokuwa likitumika. Hata leo Mkopti wa Misri na Mkristo wa Lebanoni wanakwenda kanisa, wanasoma injil, na wanamwita Mungu Allah, nao ni Wakristo tangu enzi za mababu zao.

Tena ukizidi kurudi nyuma unakuta kwamba Waarabu nao walipokea mengi ya maneno haya kutoka kwa jirani yao mwingine, Kiaramu. Hapo ndipo ningependa vijana wako wakae wasikilize vizuri. Kiaramu ndiyo lugha aliyoizungumza Yesu nyumbani na barabarani. Marko ametuachia vipande vyake kama vilivyotamkwa, kisha akaviwekea tafsiri: “Talitha, kumi” alipomwinua yule binti, “Abba” alipoomba Gethsemane, “Eloi, Eloi, lama sabakthani” msalabani. Tawi moja la Kiaramu, liitwalo Kisiria, la mji wa Edessa, ambao leo ni Urfa nchini Uturuki, likawa lugha ya kanisa la mashariki. Kutoka humo maneno yaliingia Kiarabu, na kutoka Kiarabu yakavuka bahari hadi kwetu.

Chukua “kanisa”. Kiaramu kilikuwa na neno kenishta, maana yake kusanyiko, kwa shina la k-n-s, kukusanya. Wayahudi hadi leo huiita nyumba yao ya sala beit kneset, nyumba ya kusanyiko, na bunge la Israeli linaitwa Kneset kwa shina hilohilo. Waarabu wakasema kanisa, nasi tukalipokea halijapungua herufi. Kwa Kigiriki, lugha ya Agano Jipya, neno ni ekklesia, nalo halikuwa la dini hata kidogo: lilikuwa jina la mkutano wa raia wa mji walioitwa kutoka majumbani mwao waje waamue jambo. Ukitaka ushahidi, soma Matendo 19, ile ghasia ya mafundi wa fedha kule Efeso. Umati uliokuwa ukipiga kelele, Luka anauita ekklesia. Mkutano halali wa mji, anauita ekklesia pia. Watafsiri wetu walipofika hapo waliandika “mkutano” na “kusanyiko”, na walifanya vyema, lakini ni neno lilelile ambalo katika Mathayo 16 limetafsiriwa “nitalijenga kanisa langu”. Ndiyo kusema kwamba kanisa ni watu waliokusanyika kabla halijawa mabati na matofali.

Nanyi huko vigangoni mnalo neno jingine lenye maana hiyohiyo: jumuiya. Jumuiya ndogondogo za Kikristo zilipopewa uzito na maaskofu wa Afrika Mashariki miaka ya 1970, neno lililochaguliwa lilitoka katika shina la Kiarabu j-m-', kukusanya, ambalo limetupa jamaa, jamii na Ijumaa, siku ya kukusanyika. Mama anayesema “nakwenda jumuiya” Alhamisi jioni, na Mgiriki wa Efeso aliyekwenda kwenye ekklesia, wanasema jambo moja.

“Sala” imepita njia hiyohiyo. Wataalamu wengi wa lugha za Kisemiti wanaona kwamba salat ya Kiarabu imetokana na tselota ya Kiaramu, sala. Waislamu wetu wakapenda kuandika “swala” ili kubaki karibu na matamshi ya Kiarabu, Wakristo wakaandika “sala”, na sasa watu wanadhani ni maneno mawili. Ni moja. Mwislamu na Mkristo hapa hawajaibiana. Wote wawili wamechota kisima cha mtu wa tatu.

Sasa padre, kasisi na mchungaji. Hili ni zuri, nivumilie nikae nalo kidogo.

“Kasisi” ni la Kisiria, qashisha, na maana yake ni mzee. Si kuhani, si mtoa sadaka. Ni mzee, yule unayempisha kiti. Wasiria walilitumia kutafsiri neno la Kigiriki presbyteros, ambalo nalo ni mzee. Neno hilohilo la Kigiriki ndilo lililochakaa midomoni mwa watu wa Ulaya hadi Waingereza, Wafaransa na Wajerumani wakapata majina yao ya kumwita padre. Fungua Yakobo 5:14: “Mtu wa kwenu amekuwa hawezi? Na awaite wazee wa kanisa. Nao wamwombee, na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana.” Hao “wazee” ni presbyteroi. Kanisa Katoliki likasoma hapo kazi ya padre, na ndiyo maana anayekuja na mafuta ya wagonjwa ni padre. Walutheri na Wapresbiteri wakasoma “wazee” kama lilivyo, na wakawa na mzee wa kanisa, ambaye ni mlei aliyechaguliwa na watu. Aya moja, neno moja, na kutoka humo zikatoka huduma mbili katika makanisa jirani ya mji mmoja. Wakati mwingine vijana wa madhehebu mbalimbali wanabishana barabarani bila kujua kwamba mzee wa kanisa wa upande ule na kasisi wa upande huu, kwa asili ya jina, ni mtu mmoja.

“Padre” ni Kireno, baba. Wareno walifika Mombasa na Malindi mwaka 1498, wakaa pwani yetu karibu miaka mia mbili, na mapadre wao pamoja nao. Fransisko Ksaveri mwenyewe alitia nanga Malindi mwaka 1542 akiwa njiani kwenda India. Ukristo wao haukuota mizizi pwani, ila maneno yao yalibaki: meza, leso, na hilo la padre. Na limebaki jingine ambalo huniuma kila ninapolitaja. Wareno huita kanisa igreja. Ngome walizojenga, kama Ngome ya Yesu ya Mombasa iliyoanza kujengwa mwaka 1593, zilikuwa na kanisa ndani ya kuta zake. Watu wa pwani wakalichukua igreja kulitaja jengo zima, wakasema gereza. Ukienda Kilwa Kisiwani leo, magofu ya ngome iliyosimama ufukweni huitwa Gereza. Baadaye ngome hizo zikafanywa mahali pa kufungia watu. Ile ya Mombasa ilikuwa jela ya serikali kuanzia mwaka 1895 hadi 1958. Hivyo neno la Wareno la kanisa likawa kwetu neno la kifungo. Wamalei wa upande wa pili wa bahari walilipokea neno hilohilo kwa Wareno haohao, nao hadi leo wakisema gereja wanamaanisha kanisa. Tofauti hiyo inaeleza mengi kuhusu namna wenyeji wa pwani yetu walivyozijua kuta zile.

“Mchungaji” ni Kibantu chetu wenyewe, kutoka kuchunga. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walimwita mhudumu wao kwa jina la Kilatini, pastor, mchunga kondoo, na walipotafuta la Kiswahili hawakuhitaji kuazima, kwa kuwa wenyeji wa bara walijua kuchunga kuliko wao.

Kwa hiyo waambie vijana: mmoja anamwita baba, wa pili mzee, wa tatu mchungaji. Mafundisho ya madhehebu kuhusu daraja hiyo yanatofautiana, na hilo utawaeleza kwa katekisimu yenu. Lakini majina yenyewe hayagombani. Wala si kila dhehebu lina jina moja. Waanglikana wa pande za Masasi, Tanga na Unguja utawasikia wakisema padre, hali kitabu chao cha ibada kinasema kasisi. Askofu, kwa upande wake, ni Kigiriki kilichopitia Kiarabu: episkopos, mwangalizi, kikawa usquf, kikawa askofu. Katika Matendo 20:28 Paulo anawaambia wazee wa Efeso kwamba Roho Mtakatifu amewaweka “kuwa waangalizi”. Neno ni episkopous, maaskofu. Shemasi ni Kisiria tena, shammasha, mtumishi.

Utauliza: ilikuwaje maneno ya Wakristo wa Shamu yafike kwa Waswahili ambao walikuwa Waislamu? Mengine, kama injili, malaika, nabii na zaburi, yalikuwako tayari ndani ya Kiswahili kwa njia ya elimu ya Kiislamu. Mengine yaliletwa kwa makusudi. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Waanglikana, alifika Mombasa mwaka 1844 akitokea Ethiopia. Alijua Kiarabu, na alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo mara tu. Unguja alikuwapo Edward Steere, aliyefika mwaka 1864 na baadaye akawa askofu. Steere alikaa na wanazuoni wa Kiislamu wa mjini, wakamfundisha Kiswahili cha watu wasomi, na Agano Jipya lake lilipokamilika mwaka 1879 lilisikika kama Kiswahili cha Unguja, si kama Kiingereza kilichovishwa kanzu. Pale walipokosa neno la jambo la Kikristo, watafsiri walilitafuta kwa Waarabu Wakristo, maana lingekaa vizuri mdomoni mwa Mswahili. Kasisi na shemasi ni matunda ya busara hiyo. Ndiyo sababu napenda kumkumbusha kila anayeona aibu juu ya maneno haya kwamba wapo masheikh wa Unguja waliokaa na mmisionari siku nyingi wakimpa maneno yao kwa ukarimu, wakijua anayataka kwa kazi gani.

Upande wenu wa Kikatoliki ulikwenda njia tofauti kidogo. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, Wafaransa wengi wao, walipewa misheni ya Unguja mwaka 1863 na wakafungua ya Bagamoyo mwaka 1868. Kutoka huko ndiko walikopanda hadi kwenu. Wao walisali kwa Kilatini, na Kilatini kikabaki katika maneno ya ibada: misa, sakramenti, altare, komunyo, rozari, parokia. Ndiyo maana Mlutheri anasema madhabahu na ninyi mnasema altare. Ndiyo maana wengi wenu husema Noeli, kwa Kifaransa, pale wengine wanaposema Krismasi.

Nikupe machache ya hayo haraka, yatakusaidia darasani. “Misa” imetoka katika maneno ya mwisho ya padre kwa Kilatini, Ite, missa est, ambayo ni kuwaruhusu watu waondoke; ibada nzima imebeba jina la kuagana kwake. “Ekaristi” ni Kigiriki, shukrani. “Kwaresima” ni quadragesima ya Kilatini, ya arobaini. Ukihesabu toka Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu utapata siku 46, toa Dominika sita, zinabaki 40. “Pentekoste” ni Kigiriki, ya hamsini. “Komunyo” ni ushirika, na hapa mnakutana na Walutheri bila kujua, kwa kuwa wao parokia yao wanaiita usharika, na Paulo katika 1 Wakorintho 10:16 anauliza: “Kikombe kile cha baraka tukibarikicho, je! si ushirika wa damu ya Kristo?”

“Parokia” yenyewe inastahili zaidi ya sentensi moja. Kwa Kigiriki paroikia ni hali ya kukaa ugenini, kuishi mahali usipokuwa mwenyeji. Petro anapowaandikia Wakristo akiwaita “wapitaji na wasafiri”, hilo la “wapitaji” ndilo paroikoi. Sisi leo tunasema “parokia yetu” kwa maana ya mipaka, hati ya kiwanja na ofisi yenye muhuri. Wakristo wa kwanza walipojiita hivyo walimaanisha kwamba hapa tumepanga tu.

“Kipaimara”, hilo la vijana wako, limetungwa hapahapa kwetu, nami nalihesabu miongoni mwa maneno mazuri kabisa ya kanisa la Kiswahili. Kilatini kinasema confirmatio, kufanya imara. Mtu mwenye sikio la lugha akachukua kupa na imara, akaviunganisha kwa ki-, na likazaliwa neno ambalo mtoto anaweza kulifungua mwenyewe: kitu kinachokupa uimara. Waulize vijana kama walishawahi kulisikiliza. Mara nyingi hawajawahi.

Turudi kwenye mawili aliyoyataja jirani: imani na roho.

“Imani” ni Kiarabu, kwa shina la '-m-n, ambalo maana yake ni kuwa thabiti, kuwa salama, kutegemewa. Waandikie ubaoni: imani, amini, amani, amana, mwaminifu, Amina. Yote ni shina moja. Amana ni kitu unachomwekea mtu kwa kuwa humshuku. Amani ni hali ya asiye na cha kuogopa. Na “Amina” ni Kiebrania, lilelile la zaburi na la Yesu mwenyewe, ambalo Wagiriki, Walatini, Waarabu na sisi tumelipokea bila kulitafsiri. Kiebrania na Kiarabu ni ndugu, kwa hiyo shina ni la wote wawili tangu zamani. Lugha nyingi za Ulaya zinasema Amina kwa Kiebrania kisha imani kwa neno lisilohusiana nalo. Mswahili anaposema “Naamini” mwanzoni mwa Kanuni ya Imani na “Amina” mwishoni, ameanza na kumaliza kwa neno moja. Wayahudi wangesikia uhusiano huo. Sisi pia tunausikia, na Kiarabu ndicho kilichotupa.

“Roho” ni ruh ya Kiarabu, ndugu wa ruakh ya Kiebrania, ambayo ni upepo, pumzi na roho kwa pamoja. Kigiriki nacho kina pneuma, upepo na roho. Ndiyo maana Yohana 3:8 inacheza na maana mbili: “Upepo huvuma upendako”, na neno lilelile la upepo ndilo la Roho mwishoni mwa aya. Katika Kiswahili mchezo huo umepotea, lakini si kwa sababu lugha yetu haikuwa nao. Tulikuwa na pepo na upepo, Kibantu kitupu, jamii moja ya maneno. Watafsiri walikuta pepo tayari ni wale wa ngoma na mizungu, wanaopanda kichwani kwa mtu, wakaona jina hilo haliwezi kupewa Roho wa Mungu. Wakawaachia mashetani: “pepo mchafu”. Cha ajabu ni kwamba jamaa hiyohiyo ya maneno ina mwenzao wa tatu, peponi, na Yesu msalabani anamwambia yule mwizi, “leo hivi utakuwa pamoja nami peponi.” Mimi nasikitika kidogo kwa kilichopotea katika Yohana 3, ingawa naelewa kwa nini waliamua hivyo.

Lakini walipata kitu kingine mahali pake, na sidhani wengi wanakiona. Roho ni nomino inayochukua upatanisho wa vitu: roho yangu imechoka, roho safi, roho nzuri. Kwa kanuni hiyo tungesema “roho takatifu”. Hatusemi. Tunasema Roho Mtakatifu, kwa m- ya mtu, kama tusemavyo “simba mkali” na si “simba kali”, maana Kiswahili humpa chenye uhai upatanisho wa chenye uhai. Kigiriki kinamweka pneuma katika jinsi ya vitu, Kiebrania kinamweka ruakh katika jinsi ya kike. Kiswahili kwa silabi moja kimekiri kwamba Roho ni nafsi. Wanateolojia wa karne ya nne walibishana miaka mingi juu ya jambo hilo, hadi mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa Konstantinopoli mwaka 381. Mtoto wa Komunyo ya Kwanza anayesema “Roho Mtakatifu anakuja” badala ya “inakuja” ameshasema walichokisema. Mfundishe sarufi hiyo. Ni somo la dini.

Hilo la Jumapili ni rahisi ukilijua, na limewachanganya wengi. Majina yetu ya siku yalipangwa na Waswahili Waislamu waliohesabu juma kuanzia Ijumaa. Siku inayofuata ni Jumamosi, ya kwanza. Mosi ni moja. Kisha Jumapili, ya pili, hadi Jumatano. Wayahudi, Waarabu na Wakristo wa kale walihesabu kuanzia kwa kile tunachokiita Jumapili, siku moja baada ya Sabato. Kwa hiyo Yohana 20:1 inaposema “siku ya kwanza ya juma”, inahesabu kwa kalenda ile, na siku hiyo ndiyo Jumapili yetu. Hakuna aliyehamisha ibada. Ni hesabu mbili tu zilizokaa katika lugha moja.

Na ushahidi wa hesabu hizo mbili umo ndani ya juma letu wenyewe. Baada ya Jumatano inakuja Alhamisi. Alhamisi kwa Kiarabu ni ya tano! Tuna siku mbili za tano zilizofuatana, moja kwa Kibantu inayohesabu kutoka Jumamosi, nyingine kwa Kiarabu inayohesabu kutoka Jumapili. Hiyo ya Alhamisi ndiyo hesabu ya Yohana. Waonyeshe vijana kwa vidole: wakianza na Jumapili kama moja, Alhamisi inaangukia kidole cha tano. Ukitaka kuepuka mkanganyiko kabisa, Kilatini kimewapa Dominika, siku ya Bwana, ambayo haina namba ndani yake, nanyi mnaitumia katika kalenda ya liturujia.

Umeuliza kama yapo ya kuacha. Kwangu mimi halipo hata moja. Nimewasikia watu wenye nia njema wakitaka “kusafisha” Kiswahili cha kanisa kwa kutoa Kiarabu, na wengine kwa kutoa Kilatini. Hao wa kwanza watapoteza kenishta na qashisha, maneno ambayo watu wa Galilaya wangeyatambua wakiyasikia. Hao wa pili watapoteza kumbukumbu ya waliowabatiza babu zao. Ninachoomba ni kwamba tusiyatumie kama kufuli. Mtoto akisema “shukrani kwa Bwana” pale unapotarajia “Ekaristi”, hajakosea, ametafsiri.

Jirani yao naye msimjibu kwa ukali. Mwambieni amesema vizuri kwamba maneno yetu na yake yanafanana, kisha mmwombe akae mhesabu pamoja yaliyotoka Kiaramu. Yeye ana yake mengi humo.

Limebaki neno moja ambalo hukuliuliza, nalo ni lako. Katekista limetoka katika Kigiriki katekhein, kuvumisha sauti mpaka imfikie mtu sikioni. Ni shina lilelile lililozipa lugha za Ulaya neno lao la mwangwi. Wakati ule vitabu vilikuwa vichache, na fundisho lilikaa kwa kusemwa na kurudiwa: mwalimu anatamka, mwanafunzi anaitikia, kama mnavyofanya chini ya mwembe. Luka analitumia mwanzoni kabisa mwa Injili yake, anapomwambia Theofilo kwamba ameandika “upate kujua hakika ya mambo yale uliyofundishwa.” Hilo “uliyofundishwa” ndilo katekhein. Maana yake ni kwamba kabla ya kitabu kumfikia, Theofilo alikuwa ameshafundishwa kwa mdomo na mtu fulani, aliyeketi naye, akamrudishia maneno hadi yakamkaa. Luka hakumtaja jina.